Jina na Thamani ya Kazi

Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni nzuri, na mara nyingi ni kweli. Walakini nataka kueleza habari ya utungo mmoja wa muziki ambao ulikuwa mwema, usijiuze. Ulitembezwa kwa jina la mtu mwingine kwa muda wa karibu miaka mia mbili, na ulipovuliwa jina hilo, watu waliokuwa wakiusifu walianza kuupunguzia sifa, ingawa hapana sauti hata moja iliyobadilika ndani yake. Swali langu ni hili: tunapokisifu kitu, twakisifu chenyewe, au twalisifu jina lililobandikwa juu yake? Naomba msomaji asiharakishe kujibu. Mimi niliharakisha, nikaaibika, kama nitakavyosimulia.

Kwanza yatupasa kujua utungo wenyewe ni wa namna gani. Katika nchi za Ulaya, baada ya mwaka 1750 hivi, ulikua mtindo wa muziki uitwao kwarteti ya nyuzi. Ni muziki wa watu wanne tu, wala hauna mwimbaji. Wawili hupiga fidla. Wa tatu hupiga viola, ambayo ni kama fidla iliyonenepa kidogo, na sauti yake ni nzito zaidi. Wa nne hupiga selo, ala kubwa ishikwayo baina ya magoti, yenye sauti ya chini kama ya mwanamume mtu mzima. Kila ala ina nyuzi nne, na hulizwa kwa kupitisha juu ya nyuzi hizo upinde wenye nywele za mkia wa farasi. Hapana kiongozi asimamaye mbele na kijiti mkononi, kama ilivyo katika bendi kubwa. Wanne hao hutazamana, husikilizana na kupokezana, mfano wa wazee wanne wazungumzao barazani: mmoja hutoa neno, wa pili huliunga mkono, wa tatu hulipinga kwa adabu, na wa nne hulitia muhuri.

Mtu aliyeupa mtindo huu heshima kubwa katika siku zake za mwanzo ni Joseph Haydn, Mwaustria, aliyezaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, mwana wa fundi wa magurudumu. Katika miaka ya 1750, alipokuwa kijana asiye na kazi ya kudumu, alialikwa na bwana mmoja, Baron Fürnberg, katika nyumba yake huko Weinzierl. Walikutana huko paroko wa mahali pale, msimamizi wa mali ya baron, mpiga selo aitwaye Albrechtsberger, na Haydn mwenyewe. Baron akataka kitu kiwezacho kupigwa na watu hao, naye Haydn akatunga. Hivyo ndivyo mambo makubwa yanavyoanza mara nyingine: waliokuwapo nyumbani walikuwa wanne, si watano.

Mwaka 1761 Haydn aliingia katika utumishi wa wanamfalme wa nyumba ya Esterházy. Wakati ule mtumishi wa mwanamfalme hakuwa huru hata juu ya kazi ya kichwa chake. Mkataba aliotia sahihi ulimkataza kuwapa watu wengine tungo zake, na kumkataza kumtungia mtu mwingine pasipo ruhusa. Sharti hilo halikuondolewa mpaka ulipofanywa mkataba mpya mwaka 1779. Lakini muziki ni kama moshi wa udi, hauzuiliki kwa kufunga mlango. Wanakili waliandika nakala, nakala zikapita mkono kwa mkono, na mwaka 1764 baadhi ya kwarteti zake za kwanza zilikuwa zimekwisha kuchapwa Paris, mbali na kasri la bwana wake. Watu wakazipenda, na jina la Haydn likawa mali. Mfanyabiashara aliyekuwa na tungo sita za mtu asiyejulikana alikuwa na karatasi. Akiziandika jina la Haydn, alikuwa na fedha. Hapakuwa na sheria ya nchi moja iliyoweza kumlinda mtunzi katika nchi nyingine, na barua ya malalamiko ilisafiri kwa gari la farasi.

Basi mwaka 1777 mchapishaji mmoja wa Paris aitwaye Bailleux alitoa kwarteti sita, akazipa namba 26 katika kazi za Haydn. Ya tano katika hizo ndiyo iliyokuja kupendwa kuliko zote, hasa sehemu yake ya pili, ambayo watu wamezoea kuiita Serenade, yaani wimbo wa jioni. Fidla ya kwanza huyachukua mahadhi peke yake, nayo huchomekwa kibanzi kidogo juu ya daraja la nyuzi kusudi sauti ipungue ukali, ikawa kama ya mtu aimbaye nyuma ya pazia. Wale watatu wengine huweka pinde zao kando, wakadonoa nyuzi kwa vidole, kama mtu apigaye gambusi polepole bila haja ya kusikiwa na jirani. Ni hivyo tu tangu mwanzo hata mwisho. Hapana fumbo wala ufundi wa kutisha. Mtoto aweza kuyashika mahadhi yale akiyasikia mara mbili. Nami nasema bila haya kwamba ni mojawapo ya vitu vitamu nilivyopata kusikia.

Miaka ishirini na mitano hivi baadaye, Ignaz Pleyel, aliyekuwa mwanafunzi wa Haydn na ambaye sasa alikuwa mchapishaji huko Paris, alikusanya kwarteti za mwalimu wake katika chapa moja kubwa. Akazikuta hizi sita, akazitia, na kuzipa namba 3. Mwaka 1805 Johann Elssler, mwandishi wa Haydn, alitayarisha orodha ya kazi za bwana wake, ambaye sasa alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, na kwarteti hizi zikaingia humo kwa kufuata chapa ya Pleyel. Mzee alikuwa hai, na orodha ikapita. Nani tena angethubutu kutia shaka? Mwanafunzi amezikubali, mwandishi ameziandika, na mwenyewe hakuzitoa.

Hapa yatupasa kuingia kidogo katika karakana ya mchapaji. Muziki wa siku zile ulichapwa kwa mabamba ya madini. Fundi alichonga mistari, akapiga alama za muziki na herufi kwa vyuma vidogo, kila kitu kikiwa kimegeuzwa kinyume. Kisha bamba likapakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Akitaka kufuta neno, hana budi kuligonga bamba upande wa nyuma hata mashimo ya herufi yajae, halafu kulisugua mpaka liwe laini tena. Ni kazi ya taabu, na ikifanywa kwa haraka huacha kovu. Mwaka 1964 wataalamu wawili, Alan Tyson wa Uingereza na H. C. Robbins Landon wa Marekani, walitangaza kwamba katika chapa ya Bailleux, juu ya kwarteti ya kwanza na ya pili, mna kovu la namna hiyo, na ndani ya kovu herufi zaweza kusomeka: Signor Hofstetter. Maana yake ni Bwana Hofstetter. Bamba lilichongwa kwanza kwa jina hilo, kisha mkono wa mtu ukalifuta, na jina lililouzika likawekwa katika ukurasa wa mbele.

Roman Hoffstetter alizaliwa mwaka 1742, akawa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Benedikto katika monasteri ya Amorbach, Ujerumani. Alitunga misa kwa ajili ya kanisa, na kwarteti zake nyingine zilichapwa kwa jina lake halisi akiwa hai. Hakuwa mtu wa kujificha. Alimpenda Haydn upeo. Katika barua moja alikiri kwamba kila kilichotoka katika kalamu ya Haydn kilimkaa moyoni hata asiweze kujizuia kukiiga mara kwa mara, kwa kadiri ya uwezo wake. Mwaka 1803, wakati mali za watawa zilipotwaliwa na watawala wa Ujerumani, monasteri ya Amorbach ilifungwa. Hoffstetter akahamia Miltenberg, mji wa jirani, akiwa karibu kipofu na karibu kiziwi, akafa huko mwaka 1815.

Sasa nieleze aibu yangu. Nilikuwa na santuri ya zamani yenye muziki huu, na juu ya jalada lake limeandikwa jina la Haydn. Nilizoea kuipiga jioni, na mgeni akija humwambia, "Sikiliza, bwana, jinsi mtu mkubwa asivyoogopa kuwa mwepesi. Mtu mdogo angejaza madoido mengi hapa." Wageni waliitikia kwa vichwa. Baada ya miaka kadhaa nikasoma habari ya kovu lile katika bamba. Jioni hiyo nikaiweka tena santuri, nikajisikia nikisema moyoni, "Kweli, ni nyepesi kidogo. Wale watatu hawana kazi ila kudonoa." Santuri ilikuwa ileile, sindano ileile, na kiti nilichokalia kilekile. Wepesi niliouita hekima ulipokuwa wa Haydn, sasa nimeuita umaskini kwa kuwa ni wa mtawa wa Amorbach. Nilikaa kimya peke yangu chumbani kama mchuuzi aliyefumaniwa na mizani mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia.

Yuko atakayenitetea. Atasema kwamba maisha ni mafupi, na hakuna awezaye kuonja kila kitu. Kwa hiyo jina la mtu aliyekwisha kujaribiwa ni shahidi wa haki. Anunuaye jembe kwa mhunzi amjuaye hana kosa, hata asipoligonga kulisikiliza mlio. Nakubali. Jina la Haydn lilistahili kunivuta mpaka mlangoni, na pengine pasipo jina hilo nisingalikwenda kabisa. Lakini shahidi hutakikana mahali ambapo hakimu hakuona kwa macho yake mwenyewe. Mimi nilikwisha kuingia ndani. Nilikuwa na masikio mawili na mahadhi yenyewe mbele yangu, mara mia. Kumwita shahidi wakati huo, na kumwamini kuliko masikio yangu, ni uvivu uliovaa joho la elimu.

Wako wengine ambao wangependa kunipeleka upande wa pili kabisa. Watasema: ikiwa mahadhi hayakubadilika, basi majina hayana maana; tuyafute yote, tusikilize tu. Maneno haya yana sauti ya uungwana, na kijana hodari wa mabishano aweza kushinda nayo darasani. Lakini si ya kweli, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya elimu. Vitabu vingi vilivyoandikwa kabla ya mwaka 1964 vilieleza jinsi akili ya Haydn ilivyokua, kutoka kwarteti za namba 1 na 2, kupitia hizi za namba 3, hata zile za namba 9 za karibu mwaka 1770. Ilikuwa ngazi ya kupendeza, ila kipago chake kimoja kilikuwa cha nyumba nyingine. Watu wenye elimu walipanda juu ya kipago hicho wakieleza kwa ufasaha jinsi kilivyotoka katika mti uleule. Hesabu ya kwarteti za Haydn, iliyokuwa 83 kwa desturi ya zamani, leo ni 68, baada ya kuondolewa hizi sita pamoja na nyingine ambazo asili yake hazikuwa kwarteti. Uongo mdogo wa mfanyabiashara mmoja uliingia katika fedha halali ya elimu, ukapita kama sarafu ya bandia kutoka mwalimu kwa mwanafunzi.

Ya pili ni ya haki, na hii yanigusa zaidi. Washairi wetu wa pwani waliijua vizuri. Katika tenzi nyingi, mtunzi afikapo beti za mwisho hutaja jina lake, na pengine jina la babaye na mwaka alioandika. Wako wadhanio kwamba ni majivuno. Mimi naona ni dhamana: mtu asemaye "ni mimi" amekubali kusifiwa, na amekubali kulaumiwa vilevile. Tena ni akili, kwa kuwa jina lililofungwa ndani ya vina na mizani haling'oki kwa urahisi kama lile lililopigwa juu ya bamba. Hoffstetter hakuwa na beti ya mwisho ya kujitajia. Jina lake lilikaa nje ya kazi yake, na kitu kikaacho nje huchukuliwa.

Lakini huu ni wizi wa namna gani? Mwizi tumjuaye huondoa jina la mwenyewe akaweka lake, kama afanyavyo mwanafunzi anakilipo insha ya mwenzake. Bailleux hakujipa sifa ya kutunga. Alichukua mali ya maskini akampa tajiri ambaye hakuiomba, kisha yeye akachukua faida katikati. Maskini aliibiwa, hapana shaka. Lakini na tajiri pia alidhulumiwa kidogo, maana mtu hupewa sifa zisizo zake pamoja na lawama zisizo zake. Na mnunuzi aliyetoa fedha zake akidhani ananunua sauti ya Haydn aliuziwa neno.

Wala tusimfanye Haydn malaika kwa kuwa hapa ni mdhulumiwa. Katika miaka ya 1780 alimpelekea Forster, mchapishaji wa London, tungo tatu za piano, fidla na selo kama kazi zake. Na wataalamu wa leo wanaona kwamba mbili katika hizo ni za Pleyel, yuleyule mwanafunzi wake. Nilipojua jambo hili sikufurahi, kwa kuwa nampenda mzee yule. Lakini lilinisaidia kuona kwamba kosa la jina si la wafanyabiashara waovu tu. Hata mtu ambaye jina lake liliibiwa Paris aliweza kulitandaza jina hilo juu ya kazi ya mwingine alipoona inafaa, na mwanafunzi aliyefunikwa hivyo ndiye, baadaye, aliyemfunika mtawa wa Amorbach, pengine kwa nia njema kabisa. Hii ni duara ya ajabu, nami nimeitafakari mara nyingi kuliko duara yoyote niliyofundishwa katika hesabu.

Huenda msomaji makini ameona jambo moja tangu zamani, akangoja kuona kama nitalikwepa. Nimesema kovu la jina limo juu ya kwarteti ya kwanza na ya pili. Serenade imo katika ya tano. Juu ya kwarteti ya tano hapana kovu. Wataalamu wengi wanampa Hoffstetter zote sita, kwa hoja kwamba zilitoka pamoja na hapana mswada wa mkono wa Haydn wa kuzitetea. Hoja hizo zina uzito, nami nazifuata. Walakini ni hoja, si ushahidi wa macho, na wako wanaosita. Basi yafaa tujiangalie. Bailleux alihitaji jina kwa ajili ya fedha. Sisi twalihitaji kwa ajili ya utulivu wa moyo, kwa kuwa kitu kizuri kisicho na mwenyewe hutusumbua. Kumpa Hoffstetter wimbo huu kwa sababu tu twamwonea huruma, kipofu na kiziwi huko Miltenberg, kungekuwa kupiga jina juu ya bamba mara ya pili, hata kama safari hii mkono ni wa huruma.

Santuri yangu ninayo hata leo, ingawa imechakaa na sindano huruka mahali pamoja. Sikulikwaruza jina la Haydn juu ya jalada. Chini yake nimeandika kwa kalamu ya risasi jina la Hoffstetter, na kando ya namba ya tano nimetia alama ya kuuliza. Akija mgeni siku hizi, jalada hulilaza kifudifudi juu ya meza, nikaipiga santuri kwanza, nikamngoja yeye aseme.